Kwa nini vigae vya mbele ya meko hubanduka ilhali vimetoka tanurini?

Nyumba nyingi za zamani za Limuru, Lushoto na Mufindi zina meko ya kuotea moto sebuleni, na baridi ya Julai ndiyo sababu. Mwenye nyumba akifanya ukarabati, hutamani kufunika ile sakafu ya saruji nyekundu iliyochakaa kwa vigae vipya. Msimu mmoja ukipita, kigae kimoja kikigongwa kinasikika kitupu, kingine kina ufa. Ajabu, kwa sababu kigae cha poselini huchomwa kiwandani kwa joto la nyuzi 1,200 hivi. Moto wa kuni ukifanye nini?

Kigae chenyewe ni kigumu. Kinachoshindwa ni kilichokishika. Joto hupiga uso wa kigae kwanza, zege la chini likiwa bado baridi. Safu ya vigae yenye urefu wa mita 1, ikipanda joto kwa nyuzi 60, hurefuka kwa karibu nusu milimita. Macho hayaoni, lakini gundi huvutwa na kuachiwa kila jioni moto unapowashwa na kuzimwa. Na kama vigae vimebanwa hadi ukutani bila nafasi, havina pa kwenda ila kuinuka.

Kwa hiyo kazi yote iko kwenye gundi na nafasi. Gundi ya kopo iliyokwisha kuchanganywa hulainika kwa joto, isitumike. Tafuta ya unga wa saruji, inayonyumbulika, ambayo mfuko wake umeandikwa kuwa inavumilia joto. Fundi aipake kigae kizima kwa mwiko wenye meno. Ule mtindo wa madonge matano, manne pembeni na moja katikati, ukatae kabisa: huacha uwazi chini, na gogo likidondokea hapo kigae kinavunjika. Saruji nyekundu nayo imepakwa nta miaka mingi, na gundi haishiki juu ya nta. Ikwanguliwe, kisha ichimbwechimbwe kwa tindo.

Pale vigae vinapokutana na mdomo wa meko au ukuta, acha milimita chache, uzibe kwa silikoni ya kuhimili joto kali badala ya grauti, ile saruji laini ya kujazia mapengo kati ya vigae. Ndani kabisa, kuni zinapowakia, vigae visiingie: ni mahali pa matofali ya kuhimili moto.

Upana je? Kanuni za ujenzi wa nyumba Marekani hutaka sakafu isiyoungua itokeze angalau milimita 406 mbele ya meko madogo, na 203 kila upande, ili kaa likiruka lisiangukie zulia au mbao. Ni kipimo kizuri hata kwetu.

Moto usiwashwe mara kazi inapoisha, maana maji yaliyobaki kwenye saruji yakigeuka mvuke ghafla hudhoofisha mshiko. Kama zege ni jipya, subiri wiki 4, na moto wa kwanza uwe wa vijiti tu.