Je, ni kweli abiria wa ndege hawataki intaneti angani?

Hapa Mwanza bado nasikia watu wakisema abiria wa ndege hana haja na intaneti: ukishapanda, zima simu, tazama ziwa, lala. Dai hili ni la zamani. Mwaka 2004 Boeing, kampuni inayotengeneza ndege, ilizindua huduma ya intaneti ndani ya ndege, Connexion, na Lufthansa, shirika la ndege la Ujerumani, ikaanza kuitumia. Mwaka 2006 ikatangazwa kufungwa kwa kukosa wateja wa kutosha. Wengi wakaamua: kumbe watu hawaitaki.

Lakini angalia bei. Intaneti kwa safari ndefu ililipiwa karibu dola 30, tena ilibidi uwe na kompyuta mpakato, maana hata iPhone ilikuwa haijatoka. Antena za kunasa intaneti kwenye ndege nazo zilikuwa nzito. Kwa maoni yangu, kilichowashinda abiria ni gharama na usumbufu. Shirika la ndege la Marekani, JetBlue, lilianza kutoa intaneti bure mwaka 2013, na jingine la huko huko, Delta, likafuata 2023. Kampuni haitoi bure kitu kisichotakiwa.

Majuzi nilitoka Dar na mama mmoja anayeuza minofu ya sangara. Magurudumu yalipogusa tu lami ya Mwanza, akawasha simu. Jumbe zikamiminika, mteja wake akiuliza kwa mara ya nne: “Mama, mzigo umefika?”