Keemun: maana ya chai ya gongfu kutoka milima ya Qimen

Keemun ni chai nyeusi ya China inayotoka Qimen, wilaya ya milima kusini mwa jimbo la Anhui. Wachina huiita Qimen hongcha, yaani chai nyekundu ya Qimen, au Qihong kwa kifupi. "Keemun" ni tahajia ya wafanyabiashara wa Kizungu wa zamani, na ndiyo iliyoganda kwenye makopo ya chai hadi leo. Ni chai nyeusi kwa maana tuliyoizoea sisi, yaani majani ya kupikia chai ya rangi. Mnunuzi wa mtandaoni awe macho hapa: kundi hili Wachina hulihesabu kuwa chai nyekundu, na wakisema "chai nyeusi" wanakusudia kitu kingine kabisa, majani ya kuvundikwa kama yale ya Hunan yanayogandamizwa kuwa matofali.

Kwenye orodha za chai, Keemun huwekwa katika kundi la gongfu hongcha. Gongfu hapa ni kazi ya mkono inayodai muda na ustadi. Wanaoandika kuhusu chai za China hupenda kusimulia wafalme na miti ya kale, lakini kwa Keemun mimi naona urithi wenyewe uko kwenye kazi hiyo, hasa sehemu yake ambayo mnywaji haioni.

Tuanze na umri wake, maana wengi hudhani ni chai ya tangu enzi na enzi. Kweli Qimen imelima chai kwa zaidi ya miaka 1,000. Mwaka 862 afisa mmoja, Zhang Tu, aliandika kwamba watu saba au nane katika kila kumi wa eneo lile waliishi kwa kazi ya chai, na kwamba chai ya Qimen ilikuwa ya rangi ya njano yenye harufu nzuri. Hiyo lakini haikuwa chai nyeusi. Hadi miaka ya 1870 Qimen ilikuwa nchi ya chai ya kijani.

Mabadiliko yalikuja na biashara. Yu Ganchen, mwenyeji wa Yixian, wilaya jirani, alikuwa na kazi ndogo ya serikali huko Fujian, ambako aliona jinsi chai nyeusi ilivyokuwa ikinunuliwa na wageni. Mwaka 1875 alipoteza kazi, akarudi kwao Anhui na kuanzisha karakana ya chai nyeusi mahali panapoitwa Yaodu. Mwaka uliofuata akaingia Qimen yenyewe. Wapo wanaompa sifa ya kwanza Hu Yuanlong, mwana wa Qimen kutoka kijiji cha Guixi, aliyegeuza mashamba yake kutoka kwenye chai ya kijani karibu wakati huo huo. Ubishi huo haujaisha, na sioni haja ya kuumaliza: wote wawili walikuwa wakijibu soko lile lile. Chai hii ni urithi uliozaliwa kwa ajili ya kuuzwa nje, na hilo haliupunguzii heshima hata chembe.

Milima ya Qimen ina ukungu na mito mingi, na barabara yake kuu ya zamani ilikuwa maji. Mto Chang unashuka kutoka huko kuelekea Jingdezhen, mji wa vyombo vya kaure. Mto huo huo ulishusha mawe ya Qimen yaliyosagwa kuwa udongo wa kaure, na ukashusha pia masanduku ya chai. Kutoka Jingdezhen mzigo uliingia ziwa Poyang, ukafika Jiujiang na baadaye Hankou, kwenye mto Yangtze, ambako wanunuzi wa Kirusi na wa Kiingereza walikuwa wakisubiri chai ya msimu mpya.

Keemun iliingia sokoni wakati mgumu. Kufikia mwaka 1888 Uingereza ilikuwa ikinunua chai nyingi zaidi kutoka India kuliko kutoka China. Chai ya Assam, jimbo la India, ilitoka mashamba makubwa, kwa mashine, kwa bei ambayo mkulima mwenye shamba dogo mlimani hakuiweza. Qimen ilibaki sokoni kwa harufu yake. Wachanganyaji wa London waliitia kwenye mchanganyiko wa chai ya asubuhi, na mwaka 1915 ikatunukiwa medali ya dhahabu kwenye maonyesho ya kimataifa ya San Francisco. Mwaka huo huo serikali ya China ilianzisha shamba la mfano la chai huko Pingli, wilayani Qimen. Katika miaka ya 1930 Wu Juenong, mtaalamu anayeheshimiwa sana katika historia ya chai ya China, alifanya kazi Qimen akijaribu kuboresha utengenezaji na kuwaunganisha wakulima katika vyama vya ushirika.

Sasa kazi yenyewe. Chai bora huchumwa mwezi wa Aprili: chipukizi moja na majani mawili au matatu. Majani hutandazwa yanyauke mpaka kikonyo kikunjike bila kuvunjika, kisha yanasokotwa. Kusokota kunapasua chembe za jani na kutoa utomvu, na hapo vimeng'enya vya jani vinakutana na hewa. Majani yaliyosokotwa huwekwa kwenye vikapu, hufunikwa kwa kitambaa kibichi, na huachwa kwa saa kadhaa. Wengi huita hatua hii kuchachusha, ingawa haina hamira wala bakteria: ni katekini, kemikali za asili za jani, kugeuka kuwa theaflavini na thearubijini, ambazo ndizo rangi na ukali wa chai nyeusi. Fundi huangalia jani liwe na rangi ya shaba, na hunusa. Harufu ya nyasi ikiondoka na ya matunda ikaingia, muda umefika. Kisha hukaushwa mara mbili, kwanza kwa moto mkali ili mabadiliko yasimame, halafu taratibu kwa moto mdogo. Zamani ilikuwa juu ya makaa, na ukaushaji huo wa pole ndio unaojenga sehemu kubwa ya harufu.

Chai nyingi za dunia hapo zimekaribia kwisha. Keemun bado iko katikati. Kilichopatikana kinaitwa maocha, chai ghafi, na kinaingia awamu ya pili yenye hatua zaidi ya kumi. Majani yanachekechwa kwenye machekecheo ya mianzi yenye matundu ya ukubwa tofauti, moja baada ya jingine, na kila chekecheo lina mwendo wake wa mkono: hili linazungushwa, lile linatikiswa, jingine linarushwa. Yaliyo marefu hukatwa na kurudishwa kwenye chekecheo. Kisha yanapepetwa ili jani zito litengane na jepesi, maana mawili yenye urefu mmoja yanaweza kuwa na ubora tofauti kabisa. Vikonyo huchambuliwa kwa macho na vidole. Chai inarudishwa motoni tena, na mwisho fundi mkuu anachanganya mafungu yote kwa kuonja, mpaka daraja la mwaka huu lilingane na sampuli ya daraja hilo. Yote hayo ili upate majani membamba, yaliyonyooka, yanayolingana, meusi yenye mng'ao wa kijivu. Ukimimina ya daraja la juu kwenye kiganja utadhani imepimwa jani kwa jani.

Linganisha na chai yetu. Sehemu kubwa ya chai inayouzwa kwenye mnada wa Mombasa ni ya CTC, mashine iliyobuniwa Assam miaka ya 1930, inayokata, kuchana na kuviringisha jani kuwa punje ndogo kwa dakika chache. Punje hizo hutoa rangi haraka na zina nguvu ya kusimama ndani ya maziwa. Mti nao ni tofauti. Miche mingi ya Afrika Mashariki ni ya ukoo wa Assam, wenye jani kubwa na katekini nyingi, wakati Qimen hutegemea aina ya kienyeji yenye jani dogo, Zhuyezhong. Jani hilo lina geranioli nyingi kuliko kawaida, kemikali ile ile inayopatikana kwenye mafuta ya waridi. Ndiyo maana waonjaji hutaja maua, asali na tunda lililoiva, na harufu hii imepewa jina lake peke yake: Qimen xiang, harufu ya Qimen.

Kwa hiyo usiichemshe kwenye sufuria pamoja na maziwa, iliki na tangawizi. Chai ya maziwa naipenda sana, lakini viungo vitafunika kile ulicholipia. Weka gramu 3 kwa mililita 150 za maji yaliyopoa kidogo baada ya kuchemka, nyuzi 90 hadi 95, acha dakika mbili au tatu, kisha chuja. Utaona chai nyekundu angavu yenye duara la dhahabu ukingoni mwa kikombe. Onja kwanza bila sukari. Maziwa kidogo hayaiharibu, na Waingereza wameinywa hivyo kwa zaidi ya karne.

Kwenye madaraja ya chai hii kuna majina yanayochanganya. Gongfu ndiyo iliyopita machekecheo yote. Mao Feng na Xiangluo zinazopendwa siku hizi huachwa jani zima zaidi, lililopinda au kujikunja, na hazipiti awamu ya pili kikamilifu. Ni tamu, na mara nyingi zina chipukizi nyingi za dhahabu zinazovutia macho, lakini anayetaka kujua Keemun ya asili aanze na gongfu.

Mwaka 2008 ufundi wa Qimen hongcha uliingizwa kwenye orodha ya taifa ya urithi usioshikika wa China. Novemba 2022 UNESCO, ikikutana Rabat, Morocco, iliandikisha ufundi wa jadi wa kutengeneza chai wa China pamoja na desturi zake, na wa Qimen ukiwemo. Jina lenyewe lakini lilishafika mahakamani. Chama cha chai cha Qimen kilisajili alama ya biashara iliyofunga jina ndani ya mipaka ya wilaya, na wazalishaji wa wilaya jirani wakapinga. Hoja yao ilikuwa na uzito: Yaodu, alikoanzia Yu Ganchen mwaka 1875, leo iko Dongzhi, nje ya Qimen. Mwishoni mwa 2017 Mahakama Kuu ya Beijing iliwaunga mkono waliopinga, kwa kuwa eneo la kihistoria la chai hii ni pana kuliko wilaya moja. Kwa hiyo pakiti yenye jina Qimen hongcha inaweza kutoka Qimen, Dongzhi, Guichi, Shitai au Yixian, na muuzaji mwaminifu atakuandikia wilaya, daraja na mwaka wa kuchumwa.