Mkate wa Pasaka ya Wayahudi ni wa ngano

Pasaka ikikaribia, ujumbe uleule hurudi kwenye magrupu: Wayahudi huacha ngano siku nane ili kusafisha tumbo, nawe fanya hivyo.

Sivyo. Kinachokatazwa ni chachu, yaani nafaka iliyolowa ikaachwa kuumuka. Matza, ule mkate bapa mkavu wa usiku wa kwanza, lazima utokane na ngano au nafaka nyingine nne za jamii yake, shayiri ikiwemo. Unga wa mchele haufai. Tangu maji yaguse unga hadi mkate uive zisipite dakika 18. Mmoja anasukuma, mwingine anautoboa vitundu usivimbe.

Kinachochanganya watu ni maandalizi. Nyumba husafishwa hadi mifuko ya makoti. Usiku mmoja kabla ya karamu, familia huzunguka na mshumaa, unyoya na kijiko cha mbao wakikusanya makombo, yakachomwe asubuhi. Anayeona mikate na biskuti zikitolewa nje atadhani ngano imepigwa marufuku. Tena wengi wenye asili ya Ulaya Mashariki huacha hata mchele na mahindi, kwa desturi tu. (Hizo siku nane zenyewe, ndani ya Israeli ni saba.)

Kuhakikisha ni rahisi: soma Kutoka 12, au geuza boksi la matza uone viambato, unga wa ngano na maji. Ujumbe huo ukikufikia, usiusambaze. Mgonjwa aliyekatazwa ngano anaweza kuuamini, akanunua matza akidhani ni salama kwake.