Hulka za waasisi na ukuaji wa kampuni changa za sayansi ya uhai

Mfanyabiashara wa programu za simu akikataliwa na wateja anaweza kubadili bidhaa yake ndani ya wiki chache. Mwasisi wa kampuni ya dawa hana nafasi hiyo, kwa sababu majaribio huchukua miaka, fedha hutoka muda wote huo bila mauzo yoyote, na bakteria wa maabarani hawajali ahadi alizopewa mwekezaji. Ndiyo maana katika sekta hii hulka ya mwasisi, hasa jinsi anavyolipokea jibu la maabara asilolitarajia, huamua mengi kuhusu ukuaji wa kampuni.

Mfano unaofundisha zaidi ni Genentech, kampuni ya dawa ya California, iliyoanzishwa mwaka 1976. Robert Swanson, aliyetoka kwenye shughuli za uwekezaji na ambaye hakuwa ametimiza miaka 30, alimwomba mwanabiokemia Herbert Boyer dakika 10 tu. Mazungumzo yakaendelea kwa takriban saa 3, na kila mmoja akachanga dola 500. Swanson alikuwa mtu wa pupa. Alitaka kuanza na insulini, dawa ya kisukari, moja kwa moja, kwa kuwa wakati huo ilikamuliwa kutoka kwenye kongosho za nguruwe na ng'ombe, na wanunuzi wake walijulikana. Boyer na wanasayansi wenzake walishikilia kwamba ianze somatostatini, homoni ndogo yenye asidi amino 14, ilhali insulini ina 51. Kwa Swanson hiyo ilikuwa gharama ya kitu kisicho na soko kubwa, lakini alikubali.

Jaribio la kwanza la kuwafanya bakteria watengeneze somatostatini, mwaka 1977, halikutoa kitu, na inasimuliwa kwamba Swanson aliugua tumbo hadi akalazwa. Hata hivyo hakumtafuta wa kulaumiwa. Wanasayansi walishuku kwamba vimeng'enya vya bakteria vinaimeng'enya homoni ile changa, wakaiunganisha na protini kubwa ili kuikinga, na mwaka huohuo ikapatikana. Insulini ya binadamu ilifuata mwaka 1978, ikaidhinishwa Marekani mwaka 1982. Pupa ya mmoja ilileta mtaji na kasi. Tahadhari ya mwenzake ilizuia kasi hiyo isiwapeleke shimoni. Boyer pia alisisitiza kwamba watafiti wachapishe matokeo yao, jambo lililowavuta vijana hodari ambao vinginevyo wasingeacha vyuo vikuu.

Mfano wa kinyume ni Theranos, kampuni ya Marekani ya vipimo vya damu, iliyoanzishwa mwaka 2003 na Elizabeth Holmes akiwa na miaka 19. Kujiamini kwake, sifa ambayo wengi wetu huishangilia mno, kulimpatia hisa zenye thamani ya mabilioni ya dola na bodi yenye vigogo wa siasa kama Henry Kissinger na George Shultz, ambao hawakuwa watu wa maabara. Vipimo vilipotoa majibu yasiyoaminika, wafanyakazi waliohoji walifichwa mambo na kutishwa na mawakili. Kampuni ilifungwa mwaka 2018, na mwaka 2022 Holmes akahukumiwa kifungo cha zaidi ya miaka 11 kwa kuwalaghai wawekezaji.

Hii haimaanishi kwamba mpole hufaulu daima. Huenda mpole asipate hata mtaji wa kununua vitendanishi, yaani kemikali za majaribio. Kwa hiyo, tunapoitathmini timu mpya, pamoja na mpango wa biashara tunauliza ni jaribio lipi lililoshindwa hivi karibuni, mwasisi aliambiwa baada ya siku ngapi, na aliyemwambia bado yuko kazini.