Je, wajua kwa nini John Bunyan alichorwa akiwa amelala?

Mtu anayefungua kwa mara ya kwanza toleo la tatu la kitabu cha John Bunyan, mhubiri na mwandishi Mwingereza, lililochapishwa London mwaka 1679, huenda akadhani kwamba mchoraji alimvizia mhubiri huyo akisinzia. Bunyan ameegemeza kichwa mkononi, macho ameyafumba, na chini yake simba amejilaza pangoni, huku juu yake mtu mwenye mzigo mgongoni akipanda njia ielekeayo mji wa mbinguni.

Kitabu chenyewe, ambacho wasomaji wa Kiswahili wanakijua kwa jina la Safari ya Msafiri, kinaanza na msimulizi anayepita katika nyika ya dunia hii, akafika penye pango, akalala, akaota ndoto. Na yote yanayofuata ni ndoto hiyo. Robert White, mchonga nakshi aliyesifika kwa sura za watu, hakuwa basi anachora uchovu wa mzee wa watu. Alimweka mwotaji na ndoto yake katika bamba moja la shaba, ili msomaji aone kisa kabla hajakisoma.

Pango nalo lina maana yake. Bunyan, aliyezaliwa mwaka 1628 kijijini Elstow karibu na Bedford, na ambaye kazi yake ilikuwa kuziba masufuria, alifungwa miaka 12, kuanzia 1660 hadi 1672, kwa sababu alihubiri bila idhini ya Kanisa la Uingereza na akakataa kuahidi kwamba ataacha. Pango ni jela hiyo. Simba aliyemo humkumbusha msomaji wa Biblia habari za Danieli, ingawa kwangu mimi huyu anaonekana mpole kupita kiasi.

Mchoro ambao White aliuchora kwa kalamu ya risasi juu ya ngozi laini bado upo katika Makumbusho ya Uingereza, na humo Bunyan yu macho kabisa, anamtazama anayemtazama. Usingizi, kwa hiyo, ni wa kitabu, si wa mtu.

Mwaka 1684 Thomas Sadler alimchora kwa rangi za mafuta, na picha hiyo imo katika jumba la taifa la picha za watu mashuhuri jijini London. Hapo hakuna simba wala ndoto: kuna mwanamume mwenye nguo za kawaida na kitabu mkononi. Rafiki aliyeandika habari zake baada ya kifo chake cha mwaka 1688 alimweleza kuwa mrefu, mwenye mifupa imara, macho yanayong'aa, nywele nyekundu zilizoanza kuingia mvi, na masharubu ya mtindo wa kizamani. Masharubu hayo Sadler hakuyasahau.

Waliojenga upya kaburi lake katika makaburi ya Bunhill Fields, London, mwaka 1862 walimlaza tena, safari hii kwa sanamu ya jiwe.