Mifereji ya Uingereza haijijazi yenyewe

Ukiona picha za zile mashua nyembamba za rangi zikielea taratibu mashambani Uingereza, ni rahisi kudhani ni mto tu, maji ya Mungu. Sivyo. Mingi ni mifereji iliyochimbwa kwa sururu na koleo karne ya 18 na 19 kubebea makaa ya mawe, na sakafu yake ikashindiliwa udongo wa mfinyanzi isivuje.

Kinachokula maji ni vilima. Ili kupanda kilima, mashua huingia kwenye chumba cha mawe, malango yanafungwa nyuma yake, unazungusha mkono wa chuma kufungulia maji, maji yanamwagika ndani kwa kishindo nayo inanyanyuka. Kila mashua inapopanda hivi, huteremka maji zaidi ya lita 100,000! Ndiyo maana kuna mabwawa kama ya Tring, yanayolisha mfereji wa Grand Union. Ukame ukizidi, malango hufungwa mashua zisipite, likizo ikaharibika.

Wala si serikali inayoiendesha moja kwa moja. Tangu 2012, sehemu kubwa ya mifereji ya England na Wales, kama kilomita 3,200, iko chini ya Canal & River Trust, shirika la hisani linalotegemea ruzuku, mapato ya majengo, michango, na leseni ambazo wenye mashua hawaachi kuzinung'unikia.