Ndani ya kiwanda cha chipu kinachoyumba

Vijana wanaosoma uhandisi huniuliza mara kwa mara kazi ya semikondakta, yaani kutengeneza chipu za kompyuta na simu, ikoje, nami huwajibu kwa moyo wote maana kazi hii naipenda. Wachache sana huniuliza hali huwaje pale kiwanda chenyewe kinapoyumba. Leo nataka kulieleza hilo. Mimi ni mhandisi wa mchakato, upande wa kuchonga wefa, zile sahani nyembamba za silikoni ambazo chipu hujengwa juu yake, kwa plazma, yaani gesi iliyochajiwa kwa umeme. Nimeifanya kazi hiyo Marekani, kwa mwajiri aliyekuwa akitangaza hasara robo mwaka baada ya robo mwaka. Sitamtaja, kwa sababu niliyoyaona kwake hutokea popote tasnia hii inapobanwa.

Kwanza elewa kwamba kuanguka kwa kiwanda cha chipu hakuonekani kwa macho ya mgeni. Hakuna siku utakayokuta taa zimezimwa na mitambo imelala. Hewa ya ukumbi safi lazima ichujwe usiku na mchana, maji lazima yaendelee kusafishwa na kuzunguka kwenye mabomba, na pampu lazima ziendelee kufyonza hewa kwenye mashine. Mtambo ukizimwa, kuurudisha katika hali ya kuaminika kunakula siku na wefa nyingi za majaribio. Basi mgeni ataona mng'ao ule ule na watu wale wale waliojifunika mavazi meupe kuanzia kichwani hadi miguuni. Anayekijua kiwanda atatazama juu. Wefa husafiri ndani ya masanduku yaliyofungwa, wefa 25 kwa sanduku, zikibebwa na vigari vinavyokimbia kwenye reli chini ya dari. Kazi ikiwa nyingi, vigari havikomi kupishana. Kazi ikipungua, unaweza kusimama chini ya reli dakika nzima kisipite hata kimoja. Sisi wa zamu tulizijua habari za mauzo kabla ya tangazo lolote.

Utupu huo ndio ugonjwa wenyewe. Chukua daladala inayotoka Mbagala kwenda Kariakoo: ikibeba abiria wote au watatu, mafuta, dereva na mkopo wa gari ni vile vile. Kiwanda cha chipu kiko hivyo, ila kwa kiwango cha kutisha, maana karibu gharama zake zote ni za kudumu. Kiwanda kipya cha kisasa hugharimu zaidi ya dola bilioni 10. Mashine moja ya kuchapia mistari kwa mwanga wa urujuanimno uliokithiri, ambayo duniani inatengenezwa na ASML ya Uholanzi peke yake, hupita dola milioni 150. Tuseme gharama za mwezi ni 100, na unatoa wefa 10. Kila wefa imekugharimu 10. Mwezi ujao oda zikishuka hadi wefa 4, kila moja imekugharimu 25, na bei sokoni haijapanda hata senti. Hapo hakuna aliyezembea kazini.

Mfano ulio wazi ni Wolfspeed, watengenezaji wa chipu za silikoni kabidi zinazotumika sana kwenye magari ya umeme. Walifungua kiwanda chao cha Mohawk Valley, jimbo la New York, mwezi Aprili 2022. Kufikia Juni 2024, habari njema waliyowapelekea wenye hisa ilikuwa kwamba kiwanda kimefikia asilimia 20 ya uwezo wake. Asilimia 20! Magari ya umeme hayakuuzwa kwa kasi iliyotarajiwa, Wachina wakaingia sokoni na bei za chini, na madeni yakabaki pale pale. Tarehe 30 Juni 2025 waliomba ulinzi wa mahakama dhidi ya wadai, wakatoka humo mwishoni mwa Septemba madeni yakiwa yamepunguzwa kwa takriban asilimia 70. Kiwanda chenyewe ni kipya na kizuri.

Linalomchosha mfanyakazi zaidi ya yote ni muda. Wefa inayoingia kiwandani leo itatoka baada ya miezi kama mitatu, imeshapita mamia ya hatua, na kwa chipu za kisasa zaidi hatua hizo hupita elfu moja. Kusanifu chipu yenyewe ni kazi ya miaka miwili au mitatu. Kujenga kiwanda ni mitatu au zaidi. Ukijumlisha, unakuta maumivu ya leo yalipangwa kwenye kikao cha miaka mitano au sita iliyopita, na walioketi kwenye kikao hicho wengi walishaondoka. Teknolojia ya nanomita 10 (nanomita ni sehemu ya bilioni ya mita) ya Intel, kampuni ya chipu ya Marekani, ilitarajiwa 2016, ikaja kutoka kwa wingi 2019. Katikati hapo TSMC ya Taiwan, kampuni iliyoanzishwa na Morris Chang mwaka 1987 kutengeneza chipu za wengine tu, ilishapita mbele, na AMD, mshindani wa Intel, ikapeleka kazi zake huko. Bili kamili ilikuja kusomwa 2024, Intel ilipotangaza hasara ya karibu dola bilioni 18.8 kwa mwaka mmoja. Fikiria fundi aliyeajiriwa 2022, anayeifanya kazi yake vizuri kila zamu, halafu anaambiwa nafasi yake imefutwa. Alifutwa na maamuzi yaliyofanyika akiwa bado shuleni.

Nilikuwa nikiona wafanyakazi wenzangu wakijilaumu. Walidhani wakiongeza bidii, wakikubali kila ovataimu, kiwanda kitapona. Bidii yao ilisaidia kweli, lakini matunda yake yangekuja baada ya miaka, na benki haikuwa na subira hiyo. Naliandika hili kwa uchungu kwa sababu niliwaona watu wema wakiugua kwa kubeba mzigo usio wao.

Sasa niwapeleke kwenye mashine yangu, maana huko ndiko uharibifu unakoanzia.

Ndani ya chemba ya kuchongea, wefa hukaa juu ya kitako kinachoishika kwa umeme tuli, na kuizunguka kuna pete ya silikoni au kwatsi. Kazi ya pete hiyo ni kuifanya plazma isijue wefa inaishia wapi. Plazma huila pete kidogo kidogo. Pete ikishuka kimo, utando wa umeme ulio juu ya ukingo wa wefa huinama, ayoni, zile chembe za plazma zenye chaji, zinaanza kupiga kwa mshazari, na mashimo yaliyotakiwa kusimama wima yanatoka yameegemea upande. Tunazungumzia mashimo yenye upana wa makumi ya nanomita na kina kikubwa kuliko upana wake. Shimo likiegemea hata kidogo, linaukosa waya ulio chini yake, na chipu imekufa.

Ratiba inasema pete ibadilishwe baada ya saa kadhaa za plazma. Fedha zikikaza, anakuja mtu wa hesabu na swali linalosikika kuwa la busara: haiwezi kusogezwa mbele kidogo? Inaweza. Wefa zitaendelea kutoka na mashine haitapiga kelele. Lakini kwenye wefa ya milimita 300, ukanda wa sentimita moja kuzunguka ukingo una takriban asilimia 13 ya eneo lote. Si chipu zote za ukanda huo zitakufa, ila zitakazokufa zitajulikana kwenye vipimo vya mwisho, wiki nyingi baadaye, na zitaandikwa kama hasara ya idara nyingine kabisa. Akiba ya pete imeonekana mwezi huu kwenye taarifa na mtu amepongezwa. Mavuno, yaani sehemu ya chipu zinazotoka nzima, yakishuka robo mwaka ijayo, hakuna atakayeikumbuka pete. Sisi tuliokuwa tunazitazama ramani za wefa, zinazoonyesha chipu zipi zimekufa, tuliikumbuka, tukaandika ripoti, na ripoti zikasomwa na watu ambao hawakuwa na bajeti.

Kuna jambo jingine ambalo watu wa nje hawalijui: mashine isiyo na kazi huharibika namna yake. Chemba iliyokaa kimya hupoa, kuta zake hubadilika, na wefa ya kwanza kuingia hutoka tofauti na ya kumi. Kwa hiyo unapitisha kwanza wefa za kupasha moto, zisizouzwa, mpaka chemba irudi katika hali yake. Kiwanda kikiwa tupu, vipindi vya kukaa kimya vinaongezeka, na mahitaji ya wefa hizo yanaongezeka. Na hizo ndizo zinazokatwa kwanza, kwa kuwa kwenye daftari zinaonekana ni upotevu mtupu. Tulizisafisha na kuzirudia mpaka zikawa nyembamba, nyingine zikavunjikia ndani ya chemba, na chemba ikivunjikiwa na wefa unaifungua, unaisafisha, unaanza upya.

Kisha mafundi wanaanza kunyofoa spea kwenye mashine moja ili kuiokoa nyingine. Mashine iliyonyofolewa huwekewa kibandiko cha kusubiri matengenezo. Ukiona vibandiko hivyo vinazeeka, jua hakuna anayetarajia kuirudisha.

Upande wa watu, upunguzaji hauji kwa mpangilio unaodhaniwa. Watu wanafikiri wanaopunguzwa ni wale dhaifu. Kwanza hutolewa fursa ya kuondoka kwa hiari na kiinua mgongo, na wanaoichukua ni wale wanaoweza kupata kazi kesho yake au waliokaribia kustaafu, yaani wale wanaojua mengi. Kwetu alikuwapo mzee mmoja wa zamu ya usiku aliyekuwa akiweka kiganja juu ya pampu na kusema beringi ya hii haitamaliza wiki. Vihisio vilikuja kusema hivyo hivyo baadaye, au havikusema kabisa. Alichukua kiinua mgongo, tukampa keki. Miezi haikupita mingi pampu moja ikakwama wefa zikiwa ndani, na sanduku zima likatupwa. Kiganja chake hakikuwa kwenye kitabu chochote cha maelekezo.

Kwa sisi tuliotoka Afrika Mashariki kuna mzigo wa ziada. Mwenye visa ya H-1B, ile ya Marekani ya wataalamu wa kigeni, akipoteza kazi ana hadi siku 60 za kupata mwajiri mwingine, kubadili hadhi yake, au kuondoka nchini. Huku nyumbani kuna ada za shule na dawa za mama zinazokutegemea. Kila mkutano wa ghafla unaoitwa na bosi unakukausha koo. Usiku unaandika wasifu wako, asubuhi unaingia kazini kuhesabu punje za vumbi kwa umakini ule ule, kwa kuwa vumbi halijui kwamba una hofu.

Hata mambo madogo huuma kuliko yanavyostahili. Intel ilipobana matumizi 2024, kahawa na chai za bure ziliondolewa, na mwezi Novemba uongozi ukazirudisha ukikiri kwamba starehe ndogo kama hizo zina nafasi katika siku ya mfanyakazi. Naamini walifanya vyema kuzirudisha.

Mwisho wa viwanda hivi haufanani. Qimonda, watengenezaji wa chipu za kumbukumbu za kompyuta wa Ujerumani, walifilisika Januari 2009, na mashine za kiwanda chao cha Virginia zikanunuliwa na Texas Instruments kwa dola milioni 172.5, zikaenda kuanza maisha mapya Texas. Elpida ya Japani, nayo ya chipu za kumbukumbu, iliomba ulinzi wa mahakama Februari 2012, ikanunuliwa na Micron ya Marekani mwaka uliofuata, na kiwanda chake cha Hiroshima kinafanya kazi hadi leo.

Wapo vijana sasa wanaojifunza kazi hii Nyeri, Kenya, kwenye kampuni ya Semiconductor Technologies Limited iliyo ndani ya Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Dedan Kimathi, na wengine watakwenda Dresden, Phoenix au Penang. Siwakatazi, nendeni. Ila siku ya usaili, mkiulizwa kama mna swali, ulizeni mashine zimejaa kwa kiasi gani, na zimekuwa hivyo tangu lini. Ulizeni ni wangapi kwenye timu wamekaa zaidi ya miaka kumi. Ulizeni pia nani anaidhinisha spea. Kiwanda kikiwa na afya, mhandisi wa zamu anaagiza mwenyewe na spea inafika. Kwetu, kuelekea mwisho, pete moja ilihitaji sahihi ya makamu wa rais wa kampuni.